Ndege Inajiendesha, Nani Anaangalia Njia?

Jioni ya tarehe 21 Oktoba 2009, ndege ya Northwest Airlines namba 188, iliyotoka San Diego kwenda Minneapolis na abiria 144, iliupita uwanja wake na kusonga mbele zaidi ya kilomita 160. Kwa zaidi ya saa moja waongoza ndege waliiita bila kujibiwa, na jeshi la Marekani likaweka ndege za kivita tayari kwa hofu kwamba imetekwa. Haikuwa imetekwa. Nahodha na rubani msaidizi, kwa maelezo yao wenyewe, walikuwa wamefungua kompyuta mpakato wakielekezana mfumo mpya wa kupanga zamu za kazi. Walizinduka mhudumu alipopiga simu ya ndani kuuliza watatua saa ngapi. Ndege ilitua salama, na siku chache baadaye marubani wote wawili wakanyang'anywa leseni.

Wengi waliita tukio hilo uzembe, na uzembe dawa yake ni adhabu. Hatupingi adhabu ile. Ila zamu za kazi si mchezo wa karata; ni shughuli ya ajira yao. Mara nyingi kinachomtoa rubani njiani ni kazi nyingine, tena yenye maana, inayokalia nafasi ya kazi kuu. Ushahidi mzito zaidi ni wa Desemba 1972, ndege ya shirika la Eastern namba 401 ilipokaribia Miami usiku na taa ndogo ya kuthibitisha kwamba gurudumu la mbele limeshuka ikakataa kuwaka. Wote waliokuwa katika chumba cha marubani waliigeukia taa hiyo. Mhandisi wa ndege akateremka hadi chini ya sakafu kulichungulia gurudumu. Wakati huo kifaa kilichoshikilia kimo cha futi 2,000 kilikuwa kimeachia, na ndege ikashuka polepole mpaka kwenye kinamasi cha Everglades. Kengele ya kuonya kwamba kimo kimepungua ililia, hakuna aliyeijali. Walikufa watu 101. Gurudumu lilikuwa limeshuka vizuri. Balbu ndizo zilizoungua.

Wapo watakaojibu kwamba hayo ni ya zamani, na kwamba mitambo ya leo ina usahihi kuliko mkono wa mtu. Kuhusu usahihi wanasema kweli, na hapo ndipo penye hatari, kwa sababu mtambo hutii hata amri iliyokosewa. Desemba 1995 marubani wa American Airlines namba 965 walikubali kutua Cali, Kolombia, kwa njia ya mkato iliyowabana muda. Wakitafuta kituo cha redio cha Rozo waliingiza herufi R, kama ramani yao ilivyoonyesha, lakini kompyuta ikaweka juu ya orodha kituo cha Romeo kilicho karibu na Bogotá. Walikichagua bila kuhakiki. Ndege ikageuka kushoto kuelekea milimani, huku ikiendelea kushuka, na wao wakihangaika na skrini kujua wako wapi. Kati ya watu 163 walinusurika 4 tu. Kompyuta haikuharibika hata kidogo.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: ukiwakataza marubani mazungumzo katika safari ndefu, watasinzia. Ni kweli, na kanuni zenyewe zinalitambua hilo. Baada ya ajali ya ndege ya mwaka 1974 mjini Charlotte, ambako marubani walipiga soga za siasa na magari huku wakishuka katika ukungu na watu 72 wakafa, Marekani iliweka mwaka 1981 kanuni ya kuzuia jambo lolote lisilo la lazima ndege ikiwa chini ya futi 10,000, isipokuwa inaposafiri katika kimo chake cha kawaida. Ndege namba 188 ilikuwa futi 37,000, nje kabisa ya ulinzi huo. Mwaka 2014 katazo jingine likagusa simu na kompyuta kwa matumizi binafsi, likaacha maongezi. Tunaona tofauti hiyo ni ya haki. Maongezi hukatizwa na sauti ya redio, lakini skrini humeza macho na masikio pamoja. Hata hivyo katazo peke yake lisingeiokoa ndege namba 401, kwa kuwa taa ya gurudumu ilistahili kushughulikiwa. Kilichokosekana ni mtu mmoja aliyeambiwa waziwazi: wewe rusha ndege, mengine tuachie sisi.

Abiria naye anahusika. Kanuni ya 1981 inataja, miongoni mwa mambo yasiyo ya lazima, simu za kuulizia ndege za kuunganisha na matangazo ya kuonyesha mandhari, na mashirika ya nchi nyingi hufuata utaratibu wa namna hiyo. Kwa hiyo ukimbana mhudumu wakati ndege inashuka, umtake akamuulize nahodha kama ndege yako ijayo itakusubiri, unamwomba asichoruhusiwa. Moshi, harufu ya kuungua au umajimaji unaovuja bawani ni habari tofauti: mwambie mhudumu papo hapo, hata magurudumu yakiwa karibu kugusa ardhi.