Kamba ya kuwashia tila imekatika? Badilisha mwenyewe

Mvua zikianza, simu nyingi ninazopokea si za mbegu wala mbolea, ni za mashine. "Afisa, kamba ya tila imekatika." Ukisubiri fundi atoke mjini, siku mbili zimepita na udongo umekauka. Kazi hii unaiweza. Andaa spana, bisibisi, plaisi, kiberiti na kamba ya nailoni yenye unene na urefu sawa na ile ya zamani.

Usalama kwanza. Zima injini, iache ipoe, funga koki ya mafuta, kisha chomoa waya wa plagi. Usiruke hatua hii. Tila ikiwaka ghafla, majembe yake hayachagui kati ya udongo na mguu wako.

Jua ugonjwa kabla ya dawa. Fungua bolti za kava la stata, mara nyingi ni tatu au nne, litoe na ulipige picha kwa simu. Sasa angalia:

- Kamba imekatika: badilisha kamba.
- Kamba inavutika lakini injini haizunguki: kucha za stata zimeganda kwa vumbi au zimelika. Safisha kwa brashi. Usimwage oili nyingi, itakamata vumbi zaidi.
- Kamba hairudi ndani: springi imechoka, imechomoka au imekatika.
- Kamba ilikuwa haivutiki, lakini stata ikiwa pembeni inavutika vizuri: shida iko kwenye injini. Hapo mwite fundi.

Kubadilisha kamba:

1. Toa mabaki ya kamba ya zamani. Choma ncha za kamba mpya kwa kiberiti zisifumuke.
2. Zungusha puli kwa mkono, upande ule inaozunguka kamba ikivutwa, mpaka springi ikaze kabisa.
3. Irudishe taratibu, isizidi mzunguko mmoja, mpaka tundu la puli litazamane na tundu la kava. Ibane hapo kwa plaisi, au mwenzako aishike.
4. Pitisha kamba kwenye matundu yote mawili, piga fundo gumu ndani ya puli, kisha funga mpini upande wa nje.
5. Achia puli taratibu huku umeshika kamba, ijikunje yenyewe. Jaribu kuvuta mara kadhaa kabla ya kurudisha kava.

Springi ikiwa imekatika, tahadhari. Imekunjwa kwa nguvu na ikiruka inaweza kukutoa jicho. Kama huna miwani na glavu, nunua stata nzima uifunge.

Ukimaliza, jiulize: kamba ilikatika kwa nini? Ninachokiona mashambani, mara nyingi kamba ni dalili tu. Injini ngumu kuwaka, petroli ya zamani, plagi chafu au choki iliyosahaulika, na kijana anavuta mara thelathini kwa hasira. Ukivuta mara tano au sita bila kuwaka, acha. Kagua mafuta na plagi.

Na kuvuta kuna namna yake. Vuta polepole mpaka uhisi uzito, ndipo uvute kwa nguvu, kamba ikiwa imenyooka bila kusugua kava. Kisha irudishe kwa mkono, usiiachie ijipige. Na kamba ya akiba iwe stoo kabla mvua hazijaanza.