Neno Subira na Matumizi Yake: Mwongozo kwa Watumishi wa Rukoki

Mtumishi unayehudumia watu Rukoki, yalipo makao makuu ya Wilaya ya Kasese, neno "subiri" hulitamka mara nyingi kwa siku. Mwongozo huu unakutaka ulitamke kwa uangalifu. Wengi wanaolisikia wametoka mbali, Bwera na hata Mpondwe mpakani, na nauli waliyonayo ni ya siku moja.

Subira na uvumilivu hukaribiana, lakini si kitu kimoja. Subira ni kutulia ukingoja jambo unalolitarajia. Uvumilivu ni kubeba taabu. Familia zilizopoteza nyumba kwa mafuriko ya Mto Nyamwamba, Mei 2020, zilivumilia. Aliyefuata barua ambayo imekwisha kutiwa sahihi hana cha kuvumilia; apewe barua yake. Ni kosa kumwambia "vumilia" mtu ambaye taabu yake ungeiondoa kwa kufungua saraka.

Kwa hiyo, kila unapomwambia mtu asubiri, mpe sababu na muda. "Mama, karibu ukae. Anayetia sahihi yuko mkutanini mpaka saa nane. Akichelewa, nitatoka nikueleze." Kama muda huujui, kiri hivyo, kisha sema utaujua lini. "Njoo kesho" tupu isitumike kabisa.

Mfano tunao hapa hapa kwetu. Ebola ilipothibitishwa wilayani Kasese Juni 2019, na wagonjwa wakahudumiwa Bwera, waliokaribiana nao walifuatiliwa kwa siku 21, kwa kuwa ugonjwa huo waweza kukaa mwilini muda wote huo kabla dalili hazijatokea. Ilikuwa subira nzito, tena yenye hofu, lakini ilikuwa na hesabu: aliyefika siku ya kumi alijua zimebaki kumi na moja.

Nawe pia unadaiwa subira. Mzee asiyesikia vizuri arudiwe taratibu, na anayejieleza vyema kwa Lukonzo atafutiwe wa kumsikiliza kwa Lukonzo. Ila kwa mama mwenye uchungu wa kujifungua, mtoto mwenye degedege au majeruhi anayevuja damu, neno "subiri" halina nafasi. Hao wapite mbele, na waliokuwa kwenye foleni waelezwe kwa nini.

Jioni, kabla ya kufunga ofisi, tazama benchi la nje. Aliyebaki hapo mfuate wewe mwenyewe, uzungumze naye.