Bega Linapofiwa na Mfupa: Ya Kufanya na Kutofanya

Kichwa cha mfupa wa mkono kikikosa damu, hufa, kisha huporomoka. Walio hatarini zaidi ni wenye selimundu, wanaotumia steroidi kwa muda mrefu na wanywaji wa pombe kupindukia. Kama daktari ametaja upasuaji wa kukivika kichwa hicho kofia ya chuma, aina aliyoianza Stephen Copeland huko Uingereza mwaka 1986, soma haya.

Usitulie kwa sababu eksirei haina kitu. Mwanzoni eksirei haioni. MRI ndiyo huona. Mwenye selimundu anayeumwa bega asikubali kurudishwa nyumbani na vidonge tu.

Usijinunulie dukani steroidi kama prednisoloni au deksamethasoni. Hizo hizo zinazotuliza maumivu ndizo zinazoweza kuua mfupa. Muuza duka anayezitoa bila cheti anafanya kosa kubwa. Ila kama umeandikiwa na daktari, usiziache ghafla, ni hatari. Rudi kwake.

Usikandwe wala kuvutwa bega. Mfupa uliokufa haufufuki kwa kuchuliwa.

Muulize daktari mambo mawili, na usisaini kabla hajajibu. Je, mfupa hai uliobaki unatosha kuishika kofia? Usipotosha, italegea. Je, kikombe kinachopokea kichwa hicho bado kizima? Kikiwa kimelika, kofia peke yake haitamaliza maumivu, na huenda ukahitaji kubadilishiwa kiungo chote.

Kama una selimundu, mwambie mtaalamu wa usingizi, hata asipouliza. Baridi, kiu na upungufu wa oksijeni vinaweza kukuletea shambulio. Pengine utaongezewa damu kwanza. Taja pia homa, jipu au jino bovu. Usiufiche ugonjwa ili usikose zamu.

Baada ya upasuaji, kwa takribani wiki 6, usijiinue kitini kwa mkono huo, usibebe ndoo, usiuzungushe kwenda nje. Msuli wa mbele ya bega ulikatwa ili kupata njia, ukashonwa. Unaweza kuuchana kwa sekunde moja.

Lakini usiuache mkono ukining'inia tu kitambaani. Kunja vidole na kiwiko tangu mwanzo, na usikose mazoezi ya fiziotherapia, hata yakiuma.

Kidonda kikitoa usaha, au ukipata homa, rudi hospitali siku hiyo hiyo.

Mwisho, omba upimwe bega la pili na nyonga zote mbili. Ugonjwa huu mara nyingi haushiki kiungo kimoja tu.