Kikao cha Kamati ya Afya: Jinsi Maoni ya Mkazi Yanavyoingia katika Sheria ya Kaunti

Watu wengi husikia habari za mswada wa afya mara mbili tu. Mara ya kwanza ni siku tangazo linapobandikwa kwenye ofisi ya wadi. Mara ya pili ni siku ada mpya inapoanza kutozwa kwenye dirisha la malipo hospitalini. Kati ya siku hizo mbili kuna kipindi kifupi ambapo maneno ya mswada bado yanaweza kubadilishwa. Hicho ndicho kipindi ambacho Kamati ya Afya ya Bunge la Kaunti huketi na kusikiliza wananchi. Somo hili linaeleza kikao hicho ni cha nini, kamati ina uwezo gani, na mkazi ajitayarishe vipi ili safari yake ya kwenda ukumbini isiwe ya bure.

Kwa nini afya iko mikononi mwa kaunti

Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 liligawa kazi kati ya Serikali ya Kitaifa na kaunti zote 47. Serikali ya Kitaifa ilibaki na sera ya afya na hospitali za rufaa za kitaifa. Kaunti zilipewa hospitali nyingine za umma, vituo vya afya, zahanati na maduka ya dawa ya kaunti, ambulensi, afya ya msingi, leseni za wanaouzia umma chakula, makaburi na nyumba za kuhifadhi maiti, pamoja na uzoaji wa taka. Vituo vya kulelea watoto wachanga pia ni kazi ya kaunti.

Kwa hiyo mambo mengi yanayomgusa mkazi kila siku hayaamuliwi Nairobi. Ada ya kuhifadhi maiti, saa za kufunguliwa zahanati, masharti ya mama anayeuza chapati kando ya barabara na usafi wa kituo anakoachwa mtoto huweza kuamuliwa na sheria iliyotungwa katika Bunge la Kaunti.

Safari ya mswada

Mswada unaweza kuletwa na serikali ya kaunti kupitia Waziri wa Kaunti anayehusika, au na mwakilishi wadi au kamati ya Bunge. Ukishachapishwa, husomwa mara ya kwanza. Katika hatua hii hakuna mjadala. Husomwa jina lake tu, kisha hupelekwa kwa kamati. Mswada wa afya huenda kwa kamati inayosimamia huduma za afya.

Hapo ndipo wananchi hualikwa. Kamati hupokea maoni ya maandishi kupitia ofisi ya Karani wa Bunge na hufanya vikao mashinani au katika majengo ya Bunge. Baadaye huandika ripoti na kuiwasilisha mbele ya Bunge zima. Kisha huja usomaji wa pili, ambapo wawakilishi hujadili nia ya mswada. Baada yake vifungu hupitiwa kimoja kimoja na marekebisho kupigiwa kura. Usomaji wa tatu hukamilisha kazi.

Mswada ukipita, Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inampa Spika siku 14 kuupeleka kwa Gavana. Gavana naye ana siku 14 kuutia saini au kuurudisha Bungeni pamoja na maelezo ya sababu zake. Siku hizo zikipita bila yeye kufanya lolote, mswada huhesabiwa kuwa umeidhinishwa. Ukishaidhinishwa, hutakiwa kuchapishwa katika gazeti rasmi ndani ya siku 7.

Katika safari hii yote, kikao cha kamati ndicho mahali ambapo mkazi asiye mwakilishi anaweza kusimama, kutaja jina lake na maneno yake yakaandikwa katika kumbukumbu za Bunge. Katika usomaji wa pili, mkazi hukaa sehemu ya wageni na kusikiliza tu.

Uwezo wa kamati

Ibara ya 196 ya Katiba inalitaka Bunge la Kaunti kufanya kazi zake kwa uwazi, vikao vya kamati vikiwemo, na kuwezesha umma kushiriki. Wananchi na wanahabari hawawezi kuzuiwa kuingia ila kwa hali ya kipekee ambayo Spika ameona ina sababu ya kutosha.

Ibara ya 195 inaipa kamati uwezo wa kumwita mtu yeyote aje kutoa ushahidi au habari, na katika kuita mashahidi na kudai nyaraka ina mamlaka kama ya Mahakama Kuu. Jambo hili lina maana kubwa kwa mkazi. Akiuliza kikaoni, "Mwaka uliopita hospitali hii ilikusanya pesa ngapi, na zilikwenda wapi?", si lazima awe na jibu mwenyewe. Anaweza kuiomba kamati imwite afisa mwenye hesabu hizo. Kwa kawaida swali zuri likishaingia katika kumbukumbu ni vigumu kamati kuliruka katika ripoti yake.

Mfano wa maoni mawili

Tuseme mswada wa huduma za dharura una kifungu cha 12 kinachosema hivi: "Mgonjwa atakayebebwa na ambulensi ya kaunti atalipa ada iliyowekwa kabla ya gari kuondoka." Huu ni mfano wa somo tu, wala si mswada wa kaunti yoyote.

Mkazi wa kwanza anasimama na kusema: "Tumechoka. Tunalipa ushuru kila siku na bado mnatuongezea mzigo. Mswada huu tunaukataa." Watu wanapiga makofi. Karani anaandika: mkazi mmoja alipinga mswada.

Mkazi wa pili anasema: "Naongea juu ya kifungu cha 12. Kinataka malipo kabla ya gari kuondoka. Kwetu, usiku wakala wa pesa kwa simu huwa amefunga, na mama mwenye uchungu wa kuzaa hawezi kungoja kukuche. Ibara ya 43 ya Katiba inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Naomba maneno 'kabla ya gari kuondoka' yafutwe, na iongezwe sentensi kwamba hakuna mgonjwa wa dharura atakayeachwa kwa kukosa pesa."

Wote wawili wana uchungu uleule. Lakini wa pili ameipa kamati kitu cha kubeba hadi Bungeni: kifungu anachokilenga, madhara yake kwa watu, na maneno anayotaka yawekwe. Mwakilishi anaweza kuchukua pendekezo hilo na kuliwasilisha kama rekebisho. La kwanza halina mahali pa kuingizwa katika mswada.

Mambo hayo matatu, yaani kifungu, madhara na pendekezo, yanatosha kujaza nusu ukurasa au dakika tatu za kuongea. Pendekezo likihitaji pesa, ni vyema mkazi aseme pia anaona zitoke wapi, kwa maana hilo ndilo swali la kwanza wawakilishi watakalouliza.

Kwa mfano, Bunge la Kitaifa lilipitisha mwaka 2023 sheria inayoruhusu vituo vya afya vya umma kubaki na pesa vinazokusanya na kuzitumia kuboresha huduma. Mkazi anayejua hilo anaweza kuuliza kama kifungu cha mswada ulio mbele yake kinazirudisha pesa hizo katika akaunti kuu ya kaunti, na kwa nini.

Kikao kikiwa cha jina tu

Mahakama zimekwisha kuonyesha kwamba kuwasikiliza wananchi si hisani. Mwezi Aprili 2014 Mahakama Kuu ilibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013 kwa sababu umma haukushirikishwa vya kutosha. Mwaka 2019, katika kesi iliyohusu kanuni za kudhibiti tumbaku, Mahakama ya Juu ilisema kushirikisha umma lazima kuwe kwa kweli na kusiwe kwa kutimiza desturi tu. Hata hivyo, katika kesi hiyohiyo mahakama iliziacha kanuni zisimame, kwa kuwa iliridhika kwamba maoni yalikuwa yametafutwa.

Tarehe 12 Julai 2024, majaji watatu wa Mahakama Kuu walitangaza kuwa sheria tatu za afya za mwaka 2023, ikiwemo ya bima ya afya ya jamii, zilikiuka Katiba. Sababu mojawapo ilikuwa kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo. Bunge lilipewa siku 120 kurekebisha makosa. Mwezi Septemba, Mahakama ya Rufaa ilisitisha kwa sehemu kubwa utekelezaji wa uamuzi huo huku rufaa ikingojewa, na mfumo mpya chini ya SHA ukaanza Oktoba 1, 2024.

Funzo ni la pande mbili. Kaunti inayoharakisha vikao inaweza kupoteza sheria nzima mahakamani, na wagonjwa wakabaki katikati bila kujua wafuate utaratibu upi. Na mkazi aliyepewa nafasi ya kweli, tangazo kwa wakati na nakala ya mswada, lakini hakufika wala kuandika, hana nguvu nyingi ya kulalamika baadaye.

Wanaosahaulika

Sheria ya Serikali za Kaunti inataka wananchi wapate habari kwa wakati na haki za makundi yaliyotengwa zilindwe katika ushiriki huo. Ibara ya 54 ya Katiba inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara au Breili. Anayehitaji mkalimani anaweza kuijulisha ofisi ya Karani mapema. Mgonjwa aliyelazwa, mama aliyejifungua juzi au mzee asiyeweza kusafiri anaweza kutuma maoni ya maandishi. Chama cha akina mama au wahudumu wa afya ya jamii wanaweza kuandika waraka mmoja na wote wakatia saini.

Baada ya kikao

Kazi haiishii ukumbini. Ripoti ya kamati ikishawasilishwa Bungeni ni hati ya umma. Mkazi anaweza kuiomba, kutafuta pendekezo lake, na kuona kama lilikubaliwa au lilikataliwa na kwa sababu gani. Ikiwa suala lake halimo katika mswada wowote, sheria inamruhusu kuwasilisha ombi rasmi kwa Bunge la Kaunti ili litunge, libadilishe au lifute sheria.

Maoni yote hayawezi kukubaliwa. Mara nyingine wakazi wa wadi mbili huomba mambo yanayopingana, na bajeti ni moja. Lakini pendekezo lililotajwa katika ripoti, hata likikataliwa, hubaki katika kumbukumbu, na mswada wa kurekebisha sheria hiyo ukija baadaye, mtu anaweza kuanzia hapo.

Maswali ya kujadili katika baraza au chama

1. Taja huduma tatu za afya zinazosimamiwa na kaunti na moja inayosimamiwa na Serikali ya Kitaifa.
2. Katika mfano wa ambulensi, ni nini kilichofanya maoni ya mkazi wa pili yaweze kugeuzwa kuwa rekebisho?
3. Chagueni tatizo moja la zahanati iliyo karibu nanyi. Andikeni maoni kwa sentensi tatu: kifungu au jambo lenyewe, madhara yake, na maneno mnayopendekeza.
4. Ni nani katika kijiji au mtaa wenu asiyeweza kufika kikaoni, na maoni yake yatafikishwaje?