Mzazi na Bodi ya Shule: Kijitabu kwa Familia Zinazozungumza Kiswahili Nchini Marekani

Kijitabu hiki ni cha wazazi na walezi wanaozungumza Kiswahili ambao watoto wao wanasoma katika shule za umma za Marekani. Wengi wenu mmetoka Kivu, Katanga au Burundi, mkapitia Nyarugusu, Kakuma, Nakivale au Dzaleka. Wengine mmekuja kutoka Kenya na Tanzania kwa masomo au kazi. Huko nyuma mliijua kamati ya wazazi, ile inayoitwa paa la darasa linapoezuka au michango inapochelewa. Bodi ya shule ya Marekani ni chombo kingine. Madaraka yake ni makubwa kuliko ya kamati yoyote tuliyoizoea, na vikao vyake viko wazi kwa mzazi yeyote, awe raia au asiwe raia. Inatuuma kuona maamuzi mazito kuhusu watoto wetu yakipita bila mzazi hata mmoja wa kwetu kusimama na kusema, ilhali nafasi ya kusema ipo.

Nani anaamua

Katiba ya Marekani haitaji elimu hata mara moja. Shule ni kazi ya majimbo, na majimbo yameigawa kwa wilaya za shule zipatazo 13,000. Hawaii peke yake ina wilaya moja kwa jimbo zima. Wilaya hizi hazina mkuu anayeteuliwa na rais, na mipaka yake mara nyingi hailingani na ya mji au kaunti. Zinaongozwa na bodi, kwa kawaida ya watu watano, saba au tisa, ambao sehemu nyingi huchaguliwa na wapigakura wa eneo lenyewe. Wengi wao wana shughuli nyingine za kuwapatia riziki. Jirani yako muuguzi au mwenye duka la mtaani anaweza kuwa mjumbe.

Bodi humwajiri msimamizi mkuu wa shule za wilaya, naye ndiye anayeendesha kazi za kila siku. Bodi yenyewe hupitisha bajeti, kalenda ya mwaka, saa ya kuanza masomo, kanuni za nidhamu, mikataba ya wafanyakazi na mipaka inayoamua mtoto wa mtaa fulani asome shule gani. Ikibidi shule ifungwe, bodi ndiyo inayopiga kura. Fedha za serikali kuu kwa kawaida ni karibu sehemu moja ya kumi tu ya matumizi ya shule. Zilizobaki hutoka jimboni na kwa wenyeji, hasa katika kodi ya nyumba na ardhi. Mpangaji naye huibeba kodi hiyo ndani ya pango analolipa kila mwezi, kwa hiyo mtu asikuambie kwamba fedha za shule hazikuhusu.

Mjumbe mmoja akiwa peke yake hana uamuzi. Anaweza kukusikiliza na kukuelekeza, lakini kinachobadilisha mambo ni kura ya bodi nzima katika kikao chenye akidi, mbele ya watu.

Yaliyotokea Louisville

Louisville, Kentucky, ni mmoja wa miji ambako Kiswahili kimo katika orodha ya lugha zinazozungumzwa zaidi na wanafunzi wanaojifunza Kiingereza. Wilaya yake ya shule, Jefferson County, ina zaidi ya wanafunzi 90,000 na bodi ya wajumbe saba. Mwaka 2023 madereva wa mabasi ya shule walikuwa wamepungua sana. Katika majira ya kuchipua bodi ilipitisha saa mpya za kuanza masomo, zinazotofautiana kati ya shule na shule, na njia za mabasi zikapangwa upya ili madereva wachache waliopo watoshe.

Masomo yalianza tarehe 9 Agosti, na mpango ukaanguka siku hiyohiyo. Mabasi yalichelewa kwa saa nyingi. Kuna watoto walioshushwa kwenye vituo visivyo vyao, na wa mwisho walifika nyumbani karibu saa nne usiku. Wilaya ilifunga shule kwa zaidi ya wiki moja. Upungufu wa madereva haukuisha, na mwezi Aprili 2024 bodi iliamua kuondoa mabasi kwa wanafunzi wengi wa shule za magneti, yaani zile zenye programu maalumu ambazo mzazi huomba nafasi. Familia yenye magari mawili iliweza kujipanga. Mama anayeingia zamu ya kiwandani alfajiri, hana gari, na mwanawe amepata nafasi katika shule nzuri upande wa pili wa mji, alilazimika kuchagua kati ya kazi yake na shule ya mtoto.

Angalia mfuatano wa tarehe. Usumbufu ulionekana Agosti, lakini saa za masomo zilikuwa zimepigiwa kura miezi kadhaa kabla, katika kikao cha kawaida chenye ajenda iliyotangazwa. Mzazi anayengoja basi lichelewe ndipo aende kwenye bodi hukuta jambo limekwisha amuliwa. Ndiyo maana tunawahimiza kufuatilia ajenda hata mwezi ambao hamna tatizo lolote. Bajeti hujadiliwa miezi ile ya mwanzo wa mwaka hadi kiangazi. Mipaka ya shule na mabasi hujadiliwa muda mrefu kabla ya Agosti.

Siku ya kikao

Bodi nyingi hukutana mara moja au mbili kwa mwezi, jioni. Ajenda hutolewa kabla. California, kwa mfano, ina sheria ya tangu 1953 inayodai ajenda ya kikao cha kawaida ibandikwe saa 72 kabla. Ipate kwenye tovuti ya wilaya, au mpigie simu katibu wa bodi umwombe. Ukiisoma, usiruke sehemu ya mambo yaliyokusanywa pamoja ili yapitishwe kwa kura moja bila mjadala. Humo huwamo mikataba na malipo mengi, na wakati mwingine jambo linalogusa shule ya mwanao limekaa humo kimya.

Ukitaka kusema, kwa kawaida unajiandikisha kabla kikao hakijaanza, na unapewa dakika mbili au tatu. Kwetu mtu hatoi haja yake kabla ya kusalimia, kuuliza hali na kushukuru kwa kupewa nafasi. Hapa saa huanza kukimbia unapofungua mdomo. Salamu moja inatosha, na heshima yako haitapungua. Taja shule, taja jambo, kisha sema unachoomba. Mfano:

“Habari za jioni. Mimi ni mzazi wa watoto wawili wa shule ya msingi. Mnapendekeza kuhamisha kituo cha basi kwenda ng’ambo ya barabara kuu. Binti yangu ana miaka saba, na majira ya baridi atavuka barabara hiyo gizani. Naomba kituo kibaki kilipo, au awekwe mtu wa kuwavusha watoto. Asanteni.”

Hotuba hiyo haifiki dakika moja, na kila mjumbe ataondoka akijua ulichoomba. Wazazi wenye jambo moja wamchague mmoja aseme vizuri, na wengine wasimame alipo ili waonekane.

Usivunjike moyo wajumbe wakikaa kimya ukimaliza. Katika baraza la wazee kwetu, aliyeleta shauri hujibiwa palepale. Hapa sheria za majimbo mengi zinaizuia bodi kujadili au kuamua jambo lisilokuwa kwenye ajenda ya siku hiyo, kwa hiyo mwenyekiti hushukuru na kumwita anayefuata. Majibu hutoka baadaye ofisini. Kabla hujaondoka, uliza ni nani atakayekupigia, na uandike jina lake. Siku mbili baadaye tuma maneno yako yaleyale kwa katibu wa bodi kwa barua au baruapepe, ili yawe na tarehe.

Vikao vingi hurekodiwa na kuonyeshwa kwenye intaneti. Usitaje jina la mtoto, wala usisimulie ugonjwa wake au kosa lake mbele ya kamera. Na kama una hofu kuhusu karatasi zako za uhamiaji na hutaki sura yako ionekane, tuma barua au mwombe mzazi mwenzako akusemee.

Mkalimani ni haki yako

Omba mkalimani siku kadhaa kabla, kwa maandishi, ukisema ni Kiswahili cha wapi unachokielewa vizuri. Mkalimani wa Mombasa na mzazi wa Uvira wanaweza kupishana kwa maneno. California sheria inataka anayesema kupitia mkalimani apewe angalau muda mara mbili, isipokuwa kama tafsiri inaenda sambamba na maneno yake. Kwingine omba nyongeza hiyo. Mwenyekiti ana uwezo wa kuitoa.

Tunawasihi msimtumie mtoto kuwa mkalimani. Mtoto wa miaka kumi na miwili akibebeshwa kesi ya nidhamu ya kaka yake, ataficha kitu ili kumlinda mtu, na nyumbani suala la nani ni mzazi litaanza kuchanganyika. Daini mkalimani, kwani Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inazikataza shule zinazopokea fedha za serikali kuu kubagua watu kwa asili ya taifa lao, na mwaka 1974, katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols, Mahakama Kuu ya Marekani iliitumia dhidi ya wilaya ya San Francisco, ambako karibu wanafunzi 1,800 wa asili ya China walikuwa wamekalishwa darasani bila msaada wowote wa Kiingereza. Msaada wa lugha unaodai leo una mizizi katika kesi ile.

Si kesi hiyo tu. Huko Tyler, Texas, wilaya ya shule iliamua kutoza dola 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto asiye na karatasi za uhamiaji. Familia chache zilikwenda mahakamani, na mwaka 1982, katika kesi ya Plyler dhidi ya Doe, ikaamuliwa kwamba watoto hao hawawezi kunyimwa shule ya umma. Nayo kesi ya Goss dhidi ya Lopez ya 1975, iliyotoka Columbus, Ohio, iliamua kwamba mwanafunzi hasimamishwi masomo bila kuambiwa kosa lake na kupewa nafasi ya kujieleza. Mwanao akirudishwa nyumbani ghafla, uliza maswali hayo mawili: ameambiwa kosa gani, na amesikilizwa na nani?

Kabla ya kufika kwenye bodi

Malalamiko kuhusu darasa moja yaanze kwa mwalimu, kisha mwalimu mkuu, kisha ofisi ya wilaya. Bodi itauliza kama umepita huko, na usipokuwa umepita itakurudisha. Weka nakala ya kila barua. Mambo ya mtoto mwenye ulemavu yana utaratibu wake wa rufaa chini ya sheria, na usalama wa mtoto ukiwa hatarini usifuate ngazi yoyote: piga simu wakati huohuo.

Kura

Kumchagua mjumbe wa bodi ni haki ya raia, isipokuwa mahali pachache sana. Asiye raia asijiandikishe kupiga kura hata akihimizwa na mtu mwenye fomu mlangoni au ofisini. Kosa hilo linaweza kumfukuzisha nchini. Mkimbizi aliyepata ukaazi wa kudumu huruhusiwa kuomba uraia baada ya miaka mitano, nayo huhesabiwa tangu siku alipoingia Marekani. Walio raia tayari watafute tarehe ya uchaguzi wa bodi mapema, kwani wilaya nyingi huufanya siku tofauti na ule wa rais, na wanaojitokeza huwa wachache kiasi kwamba familia za jengo moja la kupanga zinaweza kuamua nani ashinde.