Tusipunguze mwili kwa pupa

Nikiwa Katesh, wilayani Hanang, niliamua kupunguza mwili: mlo mmoja kwa siku, bila mafuta kabisa. Kwa miezi miwili nikapungua kilo 16, watu wakanisifu. Usiku mmoja maumivu makali yakanishika chini ya mbavu za kulia. Nikapelekwa Haydom, wilayani Mbulu. Altrasaundi ikaonesha mawe kwenye mfuko wa nyongo.

Mwili ukiyeyusha mafuta kwa kasi, ini humwaga lehemu nyingi kwenye nyongo. Asiyekula mafuta, mfuko wake haujikamui, nyongo hutuama na kuganda. Hatari huongezeka ukipungua zaidi ya kilo 1.5 kwa wiki. Tupungue taratibu, tusiache mafuta yote. Maumivu yakija na homa au macho ya njano, wahi hospitali.