Kuchagua Mfumo Endeshi kwa Kompyuta Kuukuu ya Chama

Si ajabu kuingia katika ofisi ya chama cha msingi, iwe Makambako penye njia panda ya Songea au kijijini nje ya mji wa Njombe, na kuikuta mezani kompyuta mpakato iliyonunuliwa ikiwa imekwisha kutumika ng'ambo miaka mingi. Mashine hiyo inawaka, vibonye vyake bado vinaitika, na katibu ameizoea kama alivyozoea mizani yake. Hata hivyo, tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa marekebisho ya kawaida ya Windows 10, isipokuwa kwa wale wanaojiandikisha katika huduma ya nyongeza ambayo nayo, kwa watu binafsi, imepangiwa kufikia mwisho Oktoba 2026. Windows 7 ilikwisha kuachwa Januari 2020, na Windows XP, ambayo bado imo katika baadhi ya mashine kongwe, iliachwa tangu Aprili 2014.

Kuachwa huko hakuna maana kwamba mashine itazimika. Maana yake ni kwamba kila kasoro ya usalama itakayogunduliwa baada ya tarehe hiyo haitazibwa. Wezi wa mitandaoni huzijua kasoro hizo, na virusi huzitumia. Mwaka 2008 kilizuka kirusi kiitwacho Conficker kilichoenea katika mashine za Windows ulimwenguni kote, na njia yake mojawapo ilikuwa flashi, chombo kile kile ambacho katibu hukichukua ofisini kwake kwenda kuchapisha taarifa stendi.

Ifahamike kwamba kinachohatarishwa hapa si mali ya katibu. Ni daftari la wanachama, hisa zao, kilo za parachichi au viazi zilizopokelewa, madeni ya mbolea, na malipo ya msimu. Mwanachama ambaye kumbukumbu yake imepotea hana namna ya kuthibitisha haki yake ila kwa stakabadhi aliyoiweka nyumbani, na wengi hawakuiweka.

Mfumo endeshi ni programu kuu inayoamka mashine inapowashwa. Kazi yake yafanana na ya mtunza ghala. Yeye halimi wala hauzi, lakini hakuna gunia liingialo au litokalo pasipo mkono wake. Ndio unaogawa kumbukumbu, unaosoma diski, unaopeleka maandishi kwenye printa, na unaozipa programu nyingine zamu ya kufanya kazi. Ghala dogo likipewa mtunza anayetaka nafasi kubwa kwa meza na makabati yake mwenyewe, mazao yatalala nje. Ndiyo sababu mashine ya zamani iliyowekewa mfumo mpya mzito huchukua dakika kumi kufungua ukurasa mmoja.

Kwa hiyo uchaguzi huanza kwa kuijua mashine. Jambo la kwanza ni prosesa, kama ni ya biti 32 au 64. Mashine nyingi zenye prosesa ya Intel Core 2 Duo, iliyoanza kutoka mwaka 2006, ni za biti 64. Zile za Pentium M, na vijikompyuta vingi vidogo vya mwaka 2008 hivi vyenye Atom N270, ni za biti 32. La pili ni kumbukumbu ya kazi, ambayo mafundi huiita ramu. La tatu ni diski, ukubwa wake na aina yake. Habari hizi hupatikana ndani ya mashine yenyewe, katika ukurasa wa sifa za mfumo, na zaandikwe katika rejista ya mali za chama pamoja na namba ya mashine. Fundi asiyeuliza mambo haya matatu kabla ya kutaja bei, afadhali chama kitafute mwingine.

Windows 11 huhitaji ramu isiyopungua gigabaiti 4, diski ya gigabaiti 64, kifaa maalumu cha usalama ndani ya mashine, na prosesa zilizoidhinishwa, ambazo kwa upande wa Intel kwa kawaida ni zilizotoka kuanzia mwishoni mwa mwaka 2017. Mashine kuukuu haitimizi masharti hayo. Wapo mafundi wanaojua kuyakwepa, lakini mfumo uliopenyezwa hivyo hauna ahadi ya kuendelea kupata marekebisho, na hesabu za watu haziwekwi juu ya ahadi isiyokuwapo. Wapo pia wanaouza nakala za wizi kwa bei ya soda. Nakala hizo mara nyingi huja na virusi ndani yake, na chama kinachozitumia huvunja Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999.

Njia iliyobaki ni Linux, mfumo ulioanzishwa mwaka 1991 na mwanafunzi wa Finland, Linus Torvalds, ambao hutolewa bure na kwa haki, na kila mtu anaruhusiwa kuunakili. Upo katika matoleo mengi. Toleo lijulikanalo zaidi, Ubuntu, lilianza mwaka 2004 chini ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ni ndugu wa neno letu utu. Kwa mashine ya biti 64 yenye ramu ya gigabaiti 4, Linux Mint ya sura iitwayo Xfce hufaa sana, kwa kuwa ni nyepesi na mpangilio wake haumshtui mtu aliyezoea Windows. Mint 22 imeahidiwa marekebisho hadi mwaka 2029. Ramu ya gigabaiti 2 huweza kuibeba, lakini kwa shida, hasa mtu akifungua kurasa nyingi za intaneti kwa pamoja.

Mashine za biti 32 zina habari nyingine. Ubuntu iliziacha zamani, na Debian, ambayo ndiyo shina la matoleo mengi, ilitoa toleo lake la 13 mwezi Agosti 2025 bila njia ya kulipakia katika mashine hizo. Mlango huo unafungwa. Mashine ya namna hiyo, au yoyote yenye ramu chini ya gigabaiti 1, yafaa iachiwe kazi ya kuandika barua na mihtasari bila kuunganishwa na intaneti, na Bodi ianze kutenga fedha za kununua nyingine. Kutumia fedha za wanachama kuifufua ni sawa na kununua matairi mapya kwa gari lisilo na injini.

Kabla ya kuamua lolote, hapana budi kuuliza mashine inafanya kazi gani. Tanzania ina historia yake katika jambo hili. Kompyuta ya kwanza ililetwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na kufikia mwaka 1974 Serikali ilizuia uingizaji wa kompyuta bila kibali, baada ya mashine za hesabu kutotimiza yaliyotarajiwa. Ununuzi wa chombo ulikuwa umetangulia matayarisho ya kazi na ya watu. Chama nacho chaweza kurudia hayo kwa kipimo kidogo. Ikiwa hesabu zake zimo katika programu iliyotengenezwa kwa Windows peke yake, kama zilivyo baadhi ya programu za uhasibu, kubadili mfumo endeshi ghafla kutaziacha hesabu hizo bila wa kuzifungua. Hapo shauri jema ni kuitenga mashine ya zamani na intaneti, kuitumia kwa hesabu hizo mpaka mwaka wa fedha ufungwe, kisha kuhamia mahali pengine. Lakini ikiwa kazi ni barua, majedwali ya malipo, barua pepe, na kujaza taarifa katika MUVU, mfumo wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika, Linux inatosha, kwa kuwa MUVU hufunguliwa kwa kivinjari cha intaneti.

Majedwali ya Excel hufunguliwa na programu ya LibreOffice, iliyozaliwa mwaka 2010 kutokana na OpenOffice. Makatibu wasiione kuwa ni kitu kigeni. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Sweden, waliitafsiri OpenOffice kwa Kiswahili na kuiita Jambo OpenOffice. Hata hivyo majedwali yenye amri za kujiendesha zenyewe yaweza kukosea yakihamishwa, na hapa ndipo penye kuhitaji uangalifu kuliko pote.

Jaribio hufanywa hivi. Linux hupakiwa kwenye flashi, na mashine huwashwa kwa flashi hiyo bila kugusa kilichomo katika diski. Katibu ajaribu printa ya chama, kwani baadhi ya printa zina ugomvi na Linux; aunganishe intaneti kwa simu; kisha afungue jedwali la malipo ya msimu uliopita. Achukue wanachama kadha wa kadha, mmoja mwenye deni, mmoja aliyeuza mara nyingi, mmoja aliyehamisha hisa, na kulinganisha kila tarakimu na daftari la karatasi. Jumla ikitofautiana hata kwa shilingi moja, uhamishaji usimame mpaka sababu ijulikane. Jaribio hili lifanywe mbele ya mtunza fedha, si fundi na katibu peke yao.

Kuna kitu kidogo ambacho husahauliwa sana. Ndani ya kompyuta nyingi za zamani mna betri ndogo ya duara, kama ya saa, inayotunza tarehe. Ikifa, mashine ikizimwa hurudi nyuma miaka mingi. Stakabadhi zitatoka na tarehe ya uongo, na tovuti nyingi zitakataa kufunguka kwa kuwa mashine hudhani vyeti vyao havijaanza kutumika. Watu husingizia mfumo endeshi, kumbe kosa ni la betri ya bei ndogo. Betri kubwa nayo, ikiwa haihifadhi tena umeme, ibadilishwe, kwani umeme ukikatika katikati ya kuandika, kazi ya siku hupotea. Na zikipatikana fedha za badiliko moja tu, diski isiyozunguka, ile iitwayo SSD, huongeza wepesi kuliko kitu kingine chochote. Huingia bila taabu katika mashine nyingi zilizotoka baada ya mwaka 2006.

Bodi ikisharidhia, uamuzi uandikwe katika muhtasari pamoja na gharama. Kabla ya upakiaji, kumbukumbu zote zinakiliwe mahali pawili, na nakala moja isikae ofisini. Nywila kuu ya mashine ijulikane na watu wawili, na iandikwe katika bahasha iliyotiwa lakiri na kufungiwa kasikini, maana chama ambacho nywila yake anayo fundi peke yake kimeshatoa funguo za ghala. Ikiwa diski mpya imewekwa, ile ya zamani isiachwe kwa fundi wala isiuzwe: iandikwe jina la chama na tarehe iliyotolewa, iwekwe kasikini, na ikae humo mpaka mkaguzi wa COASCO atakapomaliza hesabu za mwaka huo.